Ngome Alipokosa Sauti

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwa mzee ni mikono. Akiingia chumba cha kurekodia aliifunga mgongoni, kifua mbele, kidevu juu, akasimama mbele ya maiki kama mtu anayesubiri kukabidhiwa nchi. Hakuifungua hata kwa ajili ya kupindua kurasa. Kurasa alipinduliwa na binti ambaye yeye mzee ndiye aliyemfundisha kazi. Ngome, yule mwalimu wa mapigano aliyesemewa na mzee katika katuni ya Kijapani waliyoitia sauti ya Kiswahili, naye alisimama hivyohivyo. Hakuna aliyekumbuka tena nani alimwiga mwenzake.

Ngome haogopi kitu. Wabaya wakitokea anacheka kwanza, halafu anawaambia wanafunzi wake, "Kaeni nyuma yangu." Maneno hayo yalimfanya mzee kuwa mtu wa watu. Watoto wa mtaani walimzingira, "Ngome! Sema, Ngome!" Naye anaweka mfuko wa mkate chini, anafunga mikono mgongoni, anasema, na madirisha yanafunguliwa. Mkewe alizoea kulalamika, "Huyu mwanaume ukimtuma mkate, unafika nyumbani umeshazeeka."

Siku hizi mkate aliufuata mkewe mwenyewe. Mzee alipitia njia ya nyuma ya nyumba, kwa sababu watoto wangemtaka aseme, na sauti ilikuwa inamkimbia.

Ilianza kama mkwaruzo. Akasema ni vumbi. Kisha akasema ni mafua.

"Mafua gani hayo, yamekaa kuliko mpangaji?" mkewe aliuliza, akimkorogea maji ya uvuguvugu na chumvi. "Nenda hospitali wakuangalie koo, baba watoto."

"Nitakwenda."

"Nitakwenda yako naijua. Ndiyo hiyohiyo ya bomba la jikoni."

Alitaka kucheka, kicheko kikamkwama, akakohoa mpaka macho yakamtoka. Mkewe akageukia dirishani. Wote wawili walikuwa wanamfikiria mtu mmoja: kaka mkubwa wa mzee, ambaye naye alianza na mkwaruzo, akaenda kuangaliwa koo, na tangu hapo hakumwita tena mtu yeyote kwa jina. Mpaka anakufa alikuwa anagonga bilauri kwa kijiko akitaka maji. Moyoni mwa mzee kaka hakuuawa na ugonjwa. Aliuawa na kwenda kuangaliwa. Alijua huo ni upuuzi. Aliushikilia kwa mikono miwili.

Studio kulikuwa na sheria, na aliyeiweka ni yeye mwenyewe: makelele mwisho. Ukipiga mayowe asubuhi umeshalichana koo, na maneno ya kawaida mchana yatatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Alishawafokea wengi kwa kuivunja. Sasa kila akifika alisema, "Leo tuanze na makelele." Asubuhi, baada ya maji ya chumvi, alikuwa na sauti kidogo, kama maji yaliyobaki chini ya ndoo, na alitaka kuyamimina mahali yatakapoonekana. Maneno mengine yote aliyanong'oneza mdomo ukikaribia kuigusa maiki. Alidai kwamba Ngome amekomaa, hapayuki tena ovyo.

"Mzee, si wewe uliyetufundisha makelele mwisho?" fundi sauti aliuliza.

"Sheria nimeiweka mimi, naivunja mimi. Wewe washa mashine."

Fundi alicheka. Binti hakucheka. Alisimama karibu naye mno, akasikia jinsi alivyomeza mate baada ya kila sentensi, kama mtu anayemeza mwiba.

Ndipo ikaja sehemu ambayo Ngome anavunjika. Kivuli kilichowaua rafiki zake wa ujanani kinarudi. Ngome anajaribu kucheka, kicheko hakiji. Mikono inatoka mgongoni, inamshika bega mwanafunzi wake mdogo kuliko wote, na mwalimu anajificha nyuma ya mtoto.

Mzee alisoma, akayatupa maandishi mezani. "Waandishi wamelewa. Ngome hawezi kuogopa mbele ya watoto."

"Ameogopa, baba," alisema mwongozaji, mwanamke asiyependa maneno mengi. "Turekodi."

Akaanza na ukelele, kama kawaida yake mpya. Ulitoka mkubwa.

"Huo ni wa mtu anayetaka kupigiwa makofi," mwongozaji alisema. "Aliyeogopa kweli anaificha hata sauti yake. Tena."

Akarudia. Akarudia. Kisha kwenye skrini mdomo wa Ngome ukafunguka kusema, "Siwezi. Kimbieni." Mzee naye akafungua mdomo. Ilitoka pumzi tu.

Fundi alidhani maiki imekufa, akahangaika na vitufe. "Maiki nzima. Mzee, hebu sogea."

Akasogea. Mdomo wa Ngome ukaenda, ukafunga, ukarudishwa nyuma, ukafunguka tena, na bado ilitoka pumzi.

Mikono ikatoka mgongoni, haikujua pa kwenda. Ikashika nguzo ya maiki, ikashika koo, kisha mzee akateleza ukutani mpaka sakafuni. Binti akachuchumaa mbele yake.

"Mwalimu."

"Toka." Ilibidi binti amsome midomo.

"Mwalimu, tangu lini?"

"Mpeni mtu mwingine. Yule wa tangazo la sabuni."

"Yule anaongea kama kabanwa na mlango!"

Mabega ya mzee yakatikisika kwa kicheko kisicho na sauti, na kabla binti hajafurahi, kikageuka kilio. Akamshika binti bega kwa nguvu hata likauma. "Naogopa, mwanangu. Naogopa kama mtoto. Kaka yangu..." Hakumaliza.

"Basi kaa nyuma yangu," binti akasema. "Hospitali naingia mimi kwanza."

Walimrekodi kila mtu isipokuwa Ngome. Mwongozaji aliapa kwamba nafasi hiyo hampi mtu, ila wakubwa walikuwa wanapiga simu, na wakubwa hawana subira. Binti, aliyemsemea yule mwanafunzi mdogo, alisema maneno yake akijibizana na mdomo usiotoa kitu. Fundi alipoicheza sehemu nzima, upande wa Ngome walisikia mayowe ya mzee, kisha pengo, kisha mayowe, kisha pengo.

Hospitali daktari alipitisha kamera puani, akaona kinyama kwenye nyuzi za sauti. Wakakikata, wakakipeleka maabara.

"Ulikuwa unanong'ona?" daktari alimuuliza. Mzee akaitikia kwa kichwa. "Ulidhani unalipumzisha koo, kumbe unazidi kulitesa. Sasa usiseme, usinong'one, mpaka nikuite."

Nyumba ikawa kimya kama imehamwa. Jioni moja, akitaka maji, mzee alichukua kijiko akagonga bilauri. Mlio ulipotoka, yeye na mkewe wakaganda. Mkewe akakichukua kile kijiko taratibu, akakitia kabatini.

"Kwenye nyumba hii hatugongi kijiko," alisema. "Ukinitaka, nirushie kandambili."

Siku walipoitwa, walikaa kwenye benchi la korido, yeye katikati, mkewe na binti pembeni. Mzee alishika goti la mkewe kana kwamba benchi linakwenda kasi.

"Ukiruhusiwa, usije ukaanza na kaeni nyuma yangu," mkewe alimwambia. "Nitakuacha hapahapa. Jina langu kwanza."

Mlango ukafunguka, muuguzi akaita. "Mzee wa koo!"

Akasimama. Mikono ilitaka kwenda mgongoni, ikaishia njiani. Binti akaingia kwanza kama alivyoahidi, kisha mkewe, kisha yeye, akiwa ameshika ncha ya mtandio wa mkewe.

"Majibu ya maabara yapo," daktari alisema, "ila nataka nikusikie kwanza, nijue tunaanzia wapi. Vuta pumzi taratibu. Usisukume. Sema neno lolote."

Mzee akamtazama mkewe, akavuta pumzi.