Wameng'oa Magimbi Yangu Ili Shamba Lionekane Kavu

Admin, jina langu nakuomba libaki kwako, na mtaa usiutaje, sema Pugu tu inatosha. Mie ni mama wa miaka arobaini na mbili, nimeolewa, nina watoto watatu. Sina hasira wala silii. Nafua, napika, nalala. Basi.

Baba mkwe aliacha shamba dogo bondeni kwa wanawe wawili, mume wangu na shemeji yangu. Wao ni watu wa mishemishe mjini, sijawahi kuwaona na jembe. Mie ndo nimelilima toka nimeolewa. Juu panakubali mihogo, ila chini ni magimbi tu, maana masika maji yanafikaga kiunoni na yanakaa wiki nzima. Hata kiangazi ukichimba kidogo tu, maji haya hapa.

Mwaka huu wameamua kubadili matumizi, shamba liwe makazi, wauze viwanja. Wakaambiwa lazima kwanza mtaalamu wa mazingira aje aangalie udongo na maji yanapopita, kama panafaa watu kujenga. Shemeji akasema, "Yule akikuta magimbi tumekwisha, gimbi haliotagi pakavu." Wakaleta vibarua, wakang'oa yote, hata machanga, wakapanda mihogo mpaka chini kabisa. Natoka sokoni nakuta magimbi yangu yamerundikwa njiani kama takataka. Nikauliza. Mume wangu akanijibu, "Mama watoto, hebu tuache tutafute maisha."

Mihogo ilipotoa majani ndo wakamwita mtaalamu. Binti mdogo tu, kavaa buti, ana adabu zake, akaniamkia. Alipotaka kuchimba wakampeleka juu, kwenye udongo mkavu. Aliporudi akaniuliza, "Mama, nasikia wewe ndo unalima hapa. Masika maji yanafikaga wapi?"

Nikafungua mdomo. Mume wangu akanikata, "Huyo muulize mambo ya jikoni, sista. Hapa ni mgeni."

Shemeji akacheka. Jamani! Miaka kumi na nane, watoto wote nimewazaa nikiwa pale, leo mie ni mgeni. Nilidhani nitalia, au nitamrukia mtu. Wapi! Nilisimama tu naangalia buti za yule binti. Akaandika alichoambiwa, akasema Jumatatu atakuja kuwasikiliza majirani ofisi ya serikali ya mtaa.

Jioni mume wangu akanambia Jumatatu nisikanyage pale. "Ukiharibu hili dili, ujue umejiondoa mwenyewe kwenye hii nyumba." Hakufoka, alikuwa anamenya chungwa.

Sasa ishu yenyewe ni hii. Nina mdogo wangu wa tumbo moja, mjane, amepanga chumba Mabibo na wanawe. Kiwanja cha kwanza wamemuahidi yeye, na ni kile cha chini kabisa. Mume wangu anasema kampendelea kwa sababu ni shemeji yake. Mtaniambia nimnong'oneze mdogo wangu asinunue. Sawa, yeye akiacha, si atakuja kuuziwa mtu mwingine na watoto wake? Na mtu huyo atakuwa jirani yangu, nitamwona kila masika anatoa magodoro nje.

Jana mdogo wangu kapiga simu, anacheka mwenyewe. "Dada, nimeshawaambia watoto tunahamia kwa mama mkubwa! We ndo unayepajua, niambie kweli, panafaa?"

Nikamwambia panafaa.

Akanishukuru, akakata, nikaendelea kuchambua mchele. Mpaka leo sijui lile neno limetokea wapi.

Nyie mnaosoma, msiniambie nivumilie, hilo nalijua. Jumatatu niende nikaseme mbele za watu niachike, au nikae jikoni? Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Maana nikijiuliza mwenyewe, ndani sisikii kitu.