Barua Yenye Jina la Benita

Benita hakujua kunyima. Ukifika saluni kwake Yeoville, mtaa wa wahamiaji huko kusini mwa Afrika, ukaomba chanuo, anakupa, sufuria, anakupa, ukirudisha imeungua, atasonya kidogo, kesho anakupa tena. Kwa hiyo miaka mitatu iliyopita, Kidawa wa Tanga, msusi mwenzake, alipovimba mafindofindo hata maji hayapiti, naye hana kibali chochote, Benita alimwazima karatasi yake ya ukimbizi. Kidawa akalazwa kwa jina la Benita. Tusidanganyane, si wao wa kwanza mjini humo.

Nusura afe. Pamoja na nusu kaputi walimchoma dawa ya kulegeza misuli, ili mpira wa kupumulia upite kooni bila shida. Mwili wake ukaikataa. Njia za hewa zikabana, kifua kikawa kigumu, akakaa siku nne kwenye mashine. Alipotoka alipewa barua: mtu huyu asichomwe dawa hii tena, popote. Barua ilikuwa na jina la Benita, basi Benita akaitia kwenye droo ya vibanio.

Mwaka huu Kidawa alipata kibali chake mwenyewe. Alikionyesha saluni nzima, hata kwa wateja wasiomjua. Kidole tumbo kilipomshika Jumanne asubuhi, aliingia hospitali nyingine kwa jina lake, na alijivunia hilo hata katikati ya maumivu. Kiingereza kilimpiga chenga, kwa hiyo Benita alisimama kando ya kitanda akitafsiri, barua imo mkobani.

Daktari aliuliza kama mgonjwa amewahi kupasuliwa au kudhurika na dawa.

"Mama Gradi, waambie habari ya ile barua," Kidawa alimwambia Benita, macho kayafumba.

Benita aliwaza karatasi yake, iliyobakiza wiki mbili kwenda kuongezwa muda, na wanawe waliopokelewa shuleni kwa karatasi hiyo hiyo. Woga ukamshika. Labda hapa wana dawa nyingine, alijipa moyo. Akamwambia daktari kwa Kiingereza kwamba mwenzake ni mzima, chumba cha upasuaji hajawahi hata kukiona.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Asante, mama Gradi."

Kitanda kikasukumwa ndani. Benita alikaa kwenye benchi dakika kumi, kisha akashindwa. Alikwenda kugonga mlango, akamkabidhi muuguzi barua.

Muuguzi aliisoma. "Benita ni nani?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye usiyetakiwa kuchomwa. Aliyemo ndani ni Kidawa. Kaa, mama, utulie."

Ikambidi aseme yote: karatasi, jina, siku nne za mashine. Maneno yalimtoka ovyo, Kiingereza na Kiswahili pamoja. Muuguzi aligeuka akakimbia, lakini huko ndani watu walikuwa wanakimbia tayari.

Daktari alitoka baadaye, barua mkononi. Njia za hewa zilijifunga, alisema, na moyo ukasimama; walihangaika nao karibu saa nzima, haukurudi. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu kwa nini hakuambiwa alipouliza.

Benita alikuwa akiisikia sauti ya Kidawa pale kitandani, ikimshukuru.