Siku Zinaida Alipofuta Jina la Carmel

Zinaida aliingia dukani kwa Agnès mwaka 2015 na mfuko wa mavazi ya mazoezi yaliyochanika makwapani. Agnès, fundi cherehani kutoka Uvira kule Kongo, alikuwa na chumba kidogo cha kushonea hapo Bertrams, mtaa wa Johannesburg, karibu na robot, yaani taa za barabarani, na hakuwahi kushona nguo za namna ile, zenye kubana mwili na kuvutika kama ngozi. Alilipindua vazi moja, akalivuta huku na huku, akasema ataliweza. Walisemezana kwa Kiingereza, kila mmoja na cha kwake. Pembeni, binti wa Agnès, Carmel, mwenye miaka kumi, alikuwa amesimama kwa mikono, miguu juu ukutani, akisoma kitabu alichokilaza sakafuni.

"Hufanya hivi kila siku?" Zinaida aliuliza.

"Kila saa. Nimemkataza mpaka nimechoka."

"Usimkataze. Mlete Jumanne."

Zinaida alikuwa Mrusi wa miaka arobaini na saba, mwembamba, mwenye kuchechemea kidogo. Alikuja Johannesburg na mume wake, injinia wa migodi mzaliwa wa huku. Mume alipofariki, yeye akabaki. Hawakujaliwa mtoto. Alikuwa amekodi ukumbi wa kanisa nyuma ya uwanja wa Ellis Park, akifundisha wasichana jimnastiki juu ya magodoro yaliyokwisha kushindiliwa. Wakongomani wa mtaa ule walimwita Mama Zina. Wote walijua kwamba naye aliwahi kushindana kwao, maana ukutani palikuwa na picha yake akiwa msichana, nywele zimebanwa nyuma, medali shingoni. Watoto walipomuuliza kama alikuwa akishinda, alijibu, "Mara nyingine," kisha akawarudisha kwenye mazoezi.

Miezi miwili ya kwanza hakumfundisha Carmel kitu ila kuanguka. Kuanguka kwa bega, kwa mgongo, kuanguka na kubingirika bila kutanguliza mkono. Ndipo alipompandisha juu ya ubao wa kujisawazisha, mrefu na ulioinuliwa kutoka sakafuni, ambao upana wake hauzidi kiganja cha mkono. Agnès alikwenda kutazama mazoezi mara moja tu. Alimwona mwanawe akipinduka hewani kinyumenyume, akatoka nje akashika ukuta.

Mashindano ya kwanza, mwaka 2017, Carmel alikuwa wa kumi na tisa kati ya wasichana ishirini na watatu. Aliporudi nyumbani hakula. Mwaka uliofuata alishika nafasi ya tatu kwenye ubao. Watu wa kanisa lao waliokuja walipiga vigelegele mpaka mwamuzi mmoja akageuka kuwatazama. Zinaida hakupiga hata makofi. Agnès alimkuta nje kwenye bomba la maji, ananawa uso, na macho yake mekundu.

"Mama Zina, hujafurahi?"

"Nimefurahi sana," alisema. "Ndiyo maana."

Agnès hakumwelewa, wala hakuuliza zaidi.

Juni 2019 ulikuwa wakati wa kuchagua timu ya jimbo itakayokwenda kwenye mashindano ya taifa. Carmel alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa tayari, kila mtu alilijua hilo. Majuma matatu kabla ya siku yenyewe alitua vibaya alipokuwa akifanya mazoezi peke yake, na kifundo cha mguu wa kushoto kikavimba. Hakumwambia mtu. Usiku alikifunga kwa vipande vya kitambaa alivyookota chini ya cherehani ya mama yake, asubuhi akavaa soksi mbili. Mazoezini alisema ana mafua, akawa anajipunguzia miruko.

Asubuhi ya mashindano Zinaida alisimama chini ya ngazi za ukumbi na kumwona akishuka upande upande, kama kaa. Alimkalisha kwenye benchi, akamvua soksi, akabonyeza kwa kidole gumba. Carmel aliuma mdomo.

"Tangu lini?"

"Hainiumi."

"Carmel. Tangu lini?"

"Nitaruka mara nne tu. Mara nne, Mama Zina! Baada ya hapo nitapumzika mwaka mzima ukitaka."

Zinaida aliinuka, akaenda kwenye meza ya waamuzi, akaomba kalamu. Carmel alimwona akiinama na kuchora mstari juu ya jina lake. Alimfuata akiwa na mguu mmoja wazi, akipaza sauti mbele za watu.

"Una wivu! Wewe ulishindwa, na mimi nisipite ulipokomea!"

Zinaida aliirudisha kalamu.

Jumatatu yake Agnès alimfuata ukumbini kwa hasira. Hospitali walikuwa wameona ufa katika mfupa, wakaagiza mtoto apumzike majuma manane. Lakini si hilo lililomleta.

"Mimi ndiye mama yake, na nilikuwa nimekaa pale pale kwa watazamaji," alisema. "Kwa nini hukuniita kwanza?"

"Ungemkatalia?"

Agnès alijua asingeweza.

Ndipo Zinaida akavua kiatu. Mguu wake wa kulia ulikuwa mgumu kama gogo, haukunjiki kifundoni. Akamsimulia alivyopelekwa kambini akiwa na miaka tisa, akawa anamwona mama yake mara mbili kwa mwaka. Alivyokuwa bingwa wa vijana. Alivyoingia mashindano makubwa ya nchi yao akiwa na miaka kumi na sita, kifundo kikiwa kimevimba, na kocha wake akijua. Kocha alimchoma sindano ya ganzi chumbani mwa kubadilishia nguo. Kwenye fito za kuning'inia alipata alama nzuri kuliko zote za maisha yake. Kisha akaja kwenye zoezi la kuruka, akakimbia, akaruka, na alipotua hakuusikia mguu kabisa. Alisikia sauti tu. Kocha hakuja hospitali hata mara moja.

"Nilimpenda yule kocha kama baba," alisema. "Nilimsubiri. Bado najiuliza ningemchukia kiasi gani kama angenizuia siku ile."

Agnès alirudi nyumbani akamweleza Carmel yote. Carmel alisikiliza, akajibu kwa Kiingereza, kama alivyozoea kumjibu mama yake, kwamba huo ni mguu wa Mama Zina, si wake.

Hakurudi tena ukumbini. Mfupa ulipona, lakini baridi ile alirefuka sana, nyonga zikapanuka, na timu ikaenda na wengine. Kila Jumanne Zinaida alibakiza godoro moja bila kulikunja mpaka saa moja jioni.

Septemba vurugu dhidi ya wageni zilipopita Jeppestown, mtaa wa jirani, na kufika kwao, kioo cha duka la Agnès kilivunjwa na vitambaa vikabebwa. Asubuhi iliyofuata Zinaida alikuja na ufagio. Walifagia vigae pamoja. Carmel alijifungia chumba cha nyuma. Zinaida alisimama kidogo mbele ya mlango ule, akainua mkono kama wa kubisha, akaushusha.

Desemba aliuza magodoro, akarudi Urusi kumuuguza dada yake. Alipita kuaga. Agnès alimwita binti yake mara tatu, na mara tatu Carmel akajibu kwamba ana kazi ya shule, ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Gari lililompeleka uwanja wa ndege lilingoja, kisha likaondoka.

Jioni Carmel alitoka, akakaa karibu na cherehani.

"Aliuliza habari zangu?"

"Aliuliza kama mguu unakuuma wakati wa baridi."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia hauumi."

Carmel alitikisa kichwa kukubali. Kweli haukuwa ukiuma. Aliuinua mguu ule juu ya kiti, akaukumbatia kwa mikono miwili, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo, na mama yake akazima cherehani.