Fundi Viatu na Koni za Plastiki

Wenzake chuoni walimwita Kwa-nini, maana binti yule akianza kuuliza hakamatiki. Alisomea tiba ya kazi, ile ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake, na wiki hiyo alikabidhiwa fundi viatu aliyepooza mkono wa kulia kwa kiharusi. Ripoti yake ilisubiriwa kwa hamu: ikisema mzee hawezi tena kushona, mwanawe atakipangisha kibanda chake cha ushonaji kwa mtu mwingine.

Siku ya kwanza, hospitalini, alimwekea mezani koni za plastiki za rangi rangi. "Haya babu, nyekundu juu ya bluu. Hongera!" Lahaula! Mtu mzima na wajukuu wake, anapigiwa makofi kama mtoto wa chekechea! Mzee akageukia dirisha. Kwa-nini akaandika: "Hana ushirikiano."

Mwalimu wake alisoma, akaguna. "Hana ushirikiano, au hujaiona kazi yake?"

Uso ulimshuka. Lakini udadisi nao ni ugonjwa. Kesho yake asubuhi alikuwa kibandani kwa mzee, kwenye benchi la wateja, sandali iliyokatika mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo hukuja na midoli?"

Wakacheka wote. Mzee akaibana sandali kwa magoti, akatoboa kwa mkono wa kushoto, akavuta uzi kwa meno.

"Mbona magoti? Ni kwa sababu ya mkono?"

"Mkono gani? Marehemu baba alishona hivihivi, na mikono yake yote mizima. We binti, hujawahi kumtazama fundi?"

Hakuwahi, na hilo lilimshangaza. Akauliza ya sindano, ya nta, ya gundi. Uzi ukaponyoka. Mkono wa Kwa-nini ukanyanyuka kusaidia.

"Acha."

Binti akaukalia mkono wake. Uzi ukaponyoka tena. Mara ya tatu ukashika, na Kwa-nini akajikuta akipumua kwa nguvu kuliko fundi. Akaandika: anashona, polepole, atafutiwe kitu cha kubania soli nene.

Mara akaja yule mwana, akasimama mbele ya baba yake, akamuuliza binti: "Dada, ataweza kweli?"

"Si huyo hapo? Muulize."

Tangu mzee augue, walioulizwa ni daktari, mke, jirani, si yeye. Kijana akachuchumaa. "Baba, kibanda nikipangishe?"

Mzee alimtazama miguuni.

"Vua hicho kiatu," akasema. "Kisigino kimelika upande."