Bibi wa Ihanda aliyefeli kipimo cha kumbukumbu, na mimi muuza vocha niliyefungua mdomo

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya niliyaona kwa macho yangu, chumvi sijatia.

Enzi hizo Songwe haijawa mkoa, sisi wa Mbozi tunahesabiwa Mbeya. Nina division four yangu, nauza vocha boda ya Tunduma.

Ikaja project ya madaktari wanaotafiti ugonjwa wa wazee kusahau, ule unaokula ubongo taratibu. Wakataka mtu anayejua Kinyiha, lugha ya kwetu. Nikapata.

Kazi yenyewe? Kuonyesha njia, kusalimia, kubeba mizani. Kipimo walifanya kwa Kiswahili, ndivyo form ilivyoandikwa.

Siku hiyo tukafika Ihanda kwa Bibi Ester, mjane mwenye shamba la kahawa. Mwanae mkubwa alitupokea kwa furaha hadi nikashangaa.

"Mpimeni huyu mama, akili zimeondoka. Mkiniandikia tu, shamba nashika mimi."

Daktari wetu, mmama mtaratibu, akamwambia bibi ataje wanyama wote anaowajua ndani ya dakika moja.

"Ng'ombe... mbuzi... kuku..."

Bibi akaishia hapo, akainamia mikono yake. Daktari akaandika. Yule mwana akatabasamu.

Wakuu, nikajiuliza: Mtu wa vocha nimwambie nini msomi wa digrii tatu? Lakini tulipoingia tu, bibi alikuwa ameniuliza ukoo wangu kwa Kinyiha, akanitajia babu yangu na mahali alipozikwa. Huyo ndiye kasahau?

"Samahani daktari," nikasema. "Bibi haumwi. Kiswahili ndicho hakipandi."

Akanitazama weee. "Haya, muulize wewe."

Nikauliza kwa Kinyiha. Bibi akamwaga! Nungunungu, kanga, digidigi, na wengine ambao hadi leo sijui Kiswahili chao. Daktari akaniambia niache kutafsiri, nihesabu kwa vidole. Vidole vikaisha.

Mwisho bibi akasema, na hili nililitafsiri kwa sauti: "Amebaki mnyama mmoja. Amesimama mlangoni anangoja shamba."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mwana akatoka nje.

Jioni ileile daktari akasimamisha kazi. Tukakaa na wazee wiki kadhaa tukichagua maneno ya kipimo kwa Kinyiha, kisha kwa Kinamwanga kwa ajili ya wazee wa Ndalambo. Wote waliokwishapimwa tukawarudia.

Si wote waliopona kwa lugha, niseme ukweli. Mzee mmoja alishindwa kutaja jina la mkewe huku amemshika mkono. Huyo alikuwa mgonjwa kweli, na angalau mkewe akajua ni ugonjwa, siyo jeuri.

Mimi nikapelekwa training. Leo nasimamia wakusanya data, na kila ninayemwajiri namuuliza kwanza: nyumbani kwenu mnaongea nini?

Funzo: cheti kidogo kisikuzibe mdomo mbele ya msomi. Msomi wa kweli atakusikiliza.

Wenye wazazi wazee, mmewahi kuona mtu anaitwa mgonjwa kumbe hajaelewa tu alichoulizwa? Tiririkeni hapa chini, nasoma zote.