Ploti Moja, Namba Mbili

Walisema sitamaliza. Shemeji yangu alisema pesa za Ghuba huishia uwanja wa ndege, na kwamba siku nikirudi nitamwomba nauli ya kufika Kariobangi. Mwalimu wangu wa darasa la saba alisema mtoto wa mpiga pasi hawezi kupata diploma ya umeme. Niliipata, tena kwa karo niliyojilipia mwenyewe, mchana nikivuta nyaya katika vibanda vya jua kali na jioni nikisoma. Walisema sitapata viza. Nilikaa Ghuba miaka tisa, nikitunza mitambo ya umeme katika hoteli ya ghorofa arobaini. Walisema nitajenga geti tu na nyumba itabaki ndoto. Nilijenga geti, nikajenga ukuta, nyumba, na vyumba sita vya wapangaji juu yake, na kila swichi iliyomo niliifunga kwa mikono yangu.

Lililobaki lilisemwa na jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mama mmoja kutoka Murang'a anayeuza mbao mbele ya nyumba yake. Siku tuliyopandisha tangi la maji juu ya paa, alisimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, akaniambia, "Injinia, kujenga umejenga. Lakini kodi ya ardhi ya kaunti hutalipa. Mstari huu wote hakuna aliyewahi kulipa."

"Nitalipa, Mama."

"Utailipia wapi? Hata kuipata hutaipata."

Kuhusu kulipa alikosea. Kuhusu kuipata, nakiri kwamba alikuwa na hoja.

Mtaa wetu, ukitoka mtaa wa Tena na kuelekea mtoni, ulikuwa shamba moja kubwa. Kampuni moja ya kununua ardhi ililinunua, wazee wakachanga hisa, kisha siku moja wakagawana kwa kura na kila mmoja akaondoka na kikaratasi chenye namba ya ploti yake. Yangu niliinunua kwa mzee mmoja wa Ukambani, mchongaji wa vinyago aliyechoka na mji akataka kurudi kwao. Alinipa cheti chake cha hisa na ahadi: siku nitakayolipa malimbikizo ya kodi na kupata cheti cha kaunti kuonyesha kwamba ploti haina deni, atakuja Nairobi atie sahihi ili hati ya kumiliki iandikwe jina langu. Bila cheti hicho hakuna hati. Mzee alikuwa amepita miaka themanini na alikuwa na watoto sita ambao sikuwajua hata mmoja. Nyumba yangu nzima, na miaka yangu tisa ya Ghuba, ilisimama juu ya afya ya mzee huyo.

Ndipo kaunti ikatangaza kwamba atakayelipa deni la kodi kabla ya mwisho wa mwezi atasamehewa riba yote. Riba ilikuwa imezidi deni lenyewe. Bila msamaha huo ningehitaji miaka mingine miwili kuitafuta pesa hiyo, na miaka miwili si kitu cha kumwomba mzee wa umri ule.

Akiba yangu ilikuwa imeishia kwenye paa, kwa hiyo nilikopa laki moja na elfu arobaini kwa watu watatu: dada yangu anayeuza nguo za mitumba, mzee wa kanisa letu, na rafiki yangu dereva wa lori ambaye tulilala naye chumba kimoja kule Ghuba. Wote walinipa bila kuandikiana. Mimi ni mtu wa kuaminika, na wanaonijua wanalijua hilo.

Mfumo wa kulipa uko kwenye simu. Unaingiza namba ya ploti, deni linajitokeza. Niliingiza 214, namba ya kura, ile iliyopakwa rangi kwenye geti langu kwa tarakimu kubwa. Deni likaja palepale. Jina la mwenye ardhi lilikuwa la ile kampuni, jambo ambalo halikunishtua kwa sababu katika mtaa wetu kila ploti bado imeandikwa jina hilo. Nililipa yote kwa mkupuo mmoja nikiwa nimeketi kwa kinyozi. Nikachapisha risiti, nikaitia plastiki, nikaitundika sebuleni karibu na diploma yangu. Jioni niliwaalika majirani wawili watatu kunywa chai, nao walitazama risiti zaidi kuliko walivyotazama televisheni.

Wiki iliyofuata nilivaa suti nikaenda mjini kuchukua cheti. Karani wa dirishani, dada mmoja mpole mwenye miwani, alichukua risiti, akaitisha na nakala ya ramani ya mpimaji niliyokuwa nayo kwenye faili, akavilinganisha kwa muda mrefu.

"Hii ramani ni ya ploti yako?"

"Ndiyo."

"Basi ploti yako ni 377. Hii 214 uliyolipia ni ya nani?"

Nilimwambia 214 imeandikwa kwenye geti langu.

"Ya geti ni ya kura," akasema. "Kampuni ilihesabu kuanzia barabarani. Mpimaji alipokuja alihesabu kuanzia mtoni. Sisi tunatumia ya mpimaji." Akageuza ramani nione. "Umemlipia mtu, kaka. Yeyote aliye hapa, leo ana raha."

Kidole chake kilikuwa juu ya ploti iliyotazamana na yangu. Ya mama wa mbao.

Nilimuuliza kama pesa zinaweza kuhamishwa. Zinaweza, akasema, kwa barua, na sahihi ya aliyelipiwa, na wiki kadhaa za kusubiri. Mwisho wa mwezi ulikuwa siku tisa mbele.

Sikupanda gari moja kwa moja. Nilitembea hadi koti likawa la kubeba mkononi, nikijiuliza nitaingiaje kwa yule mama. Mwishowe niliona hakuna njia zaidi ya mlango. Nilimkuta akipima mbao za kenchi za paa, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, bila kuficha. Mwanamume aliyefanya kazi kwenye ghorofa ya arobaini haogopi kusema amekosea.

"Ngoja," akasema. "Yaani mimi sidaiwi na kaunti?"

"Hudaiwi, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne iliyopita."

Alikaa juu ya rundo la mbao, akacheka hadi akavua kitambaa cha kichwa na kujifuta nacho machozi. Wateja wawili walianza kucheka pia kabla ya kujua sababu.

"Asante, Injinia. Ubarikiwe wewe na uzao wako."

"Mama, naomba pesa zangu."

"Nani alikutuma? Nilikuja kwako na bakuli?"

"Hukuja."

"Kuna siku nimekwambia, mwanangu, nenda unilipie?"

"Ulisema sitalipa."

"Sasa si umelipa," akasema, na wale wateja wakaangua kicheko tena.

Lakini alinisindikiza hadi getini kwake, na huko sauti yake ilikuwa nyingine. "Sikiliza. Mimi sijawahi kula jasho la mtu. Pesa kiasi hicho sina leo, zote ziko kwenye mbao. Njoo Jumapili baada ya ibada. Chama chetu kinakutana kwangu. Na uje na hiyo ramani."

Chama chao kilikuwa cha wanawake kumi na wanne, wengi wao wenye ploti kwenye mstari wetu na ule wa nyuma. Kila mwezi huchanga, na mmoja huchukua kapu lote. Kapu la mwezi huo lilikuwa la mama mmoja mshonaji sare za shule, na zamu ya mama wa mbao ilikuwa bado miezi mitatu. Aliomba wabadilishane. Mshonaji alikataa katakata.

"Nina kitambaa cha kununua," alisema. "Injinia akosee, mimi nilale na cherehani tupu?"

"Kwani wewe umelipa yako?" mama wa mbao akamuuliza.

"Nitalipa wiki hii."

"Kwa namba gani?"

"Ya geti," mshonaji akasema, kisha akaikazia macho ramani iliyokuwa mkononi mwangu. Nilikuja kujua kwamba watano kati yao walikuwa wamepanga kulipa wiki hiyohiyo, wote kwa namba za geti.

Mshonaji aliniangalia. "Hiyo karatasi unaweza kuisoma?"

Ilikuwa ramani ya mpimaji, na mimi nilisoma michoro ya mitambo iliyowashinda mafundi wa nchi tatu. Nilitandaza karatasi mezani, nikahamisha vikombe. Mshonaji akatoa neno: achukue mama wa mbao kapu, mradi mimi nimtafutie kila mwanachama namba yake ya kweli kabla ya Jumatano, na nisiitishe hata shilingi. Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Siku tatu hizo sijazisahau. Nilianzia mtoni na futi ya kupimia, wanawake wakinifuata nyuma na madaftari, nikitafuta vigingi vya mpimaji chini ya majani, chini ya vibanda vya kuku, na kimoja ndani ya jiko la mtu. Kila nilipopata kigingi niliita namba kwa sauti na mwenye ploti akaiandika. Kufikia Jumanne jioni nilikuwa na orodha safi, safu ya namba za kura upande huu na za kaunti upande ule. Karani wa miwani alipoiona aliniuliza nafanya kazi ofisi gani. Nikamwambia mimi ni fundi umeme mwenye diploma. Akasema haionekani kama orodha iliyotengenezwa na fundi wa umeme. Sikumsahihisha.

Mama wa mbao alinipa pesa zote kwa bahasha mbele ya chama kizima. Nililipia 377 zikiwa zimebaki siku mbili. Cheti kilitoka. Mzee mchongaji alikuja kutoka kwao akiwa na binti yake mkubwa, akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akatia sahihi kwa wakili bila mkono kutetemeka. Hati ilipotoka jina lililokuwemo lilikuwa langu, herufi kwa herufi.

Madeni yangu matatu yalibaki, na hayo niliyalipa kwa kodi za wapangaji na kazi za nyaya za Jumamosi, miezi saba nikiweka pembeni. Sikutaka kumlipa mmoja leo na mwingine mwezi ujao. Nilingoja hadi pesa zikatimia zote, nikavaa suti, nikatoka asubuhi. Dada yangu alipokea zake bandani kwake katikati ya kuuza, akaziingiza kifuani na kuniuliza kama nimekunywa chai. Mzee wa kanisa aliniombea kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Rafiki yangu dereva nilimkuta chini ya lori lake, miguu tu ikionekana. Nilimwita, akatoka akiwa na mafuta hadi kwenye nyusi.

"Pesa gani?" akasema. "Mimi nilishasahau."

"Mimi sikusahau."

Alifuta mikono kwa kitambaa, akazipokea, akazihesabu akiwa amechuchumaa, kisha akaziweka kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa saa nane mchana na hapakuwa na mtu Nairobi nzima aliyenidai.