Konokono Hurudi, Nadhani

Chuoni walimwita Mama Bustani, kwa kuwa alifundisha kilimo cha mboga, na kwa kuwa nyuma ya darasa lake kulikuwa na bustani iliyoliwa na konokono mchana kweupe, mbele ya macho ya elimu ya juu.

Mkataba wake ulikuwa ukingoni. Chuo kilimwambia, kwa ule upole ambao vyuo huutunza kwa ajili ya habari mbaya, kwamba ungeongezwa endapo angechapisha makala katika jarida linalotambulika. Makala alikuwa nayo. Ilieleza kwamba kuwaokota konokono na kuwatupa nje ya ua ni kutwanga maji kwenye kinu, kwa maana hurudi. Wataalamu wa jarida walishaisoma na kuipitisha. Yalibaki marejeo tu.

Asiyewahi kupanga marejeo hudhani ni kazi ya vidole. Jina la ukoo, koma, herufi ya kwanza ya jina, nukta, mwaka ndani ya mabano, kichwa cha makala kwa herufi zilizosimama, jina la jarida kwa herufi zilizolala, juzuu, kurasa. Kuna watu wameoana kwa masharti machache kuliko hayo. Jioni mumewe, fundi cherehani, alimsomea kwa sauti huku yeye akifuata kwa kalamu.

"Nukta," alisoma fundi. "Halafu koma. Halafu nukta tena. Mama watoto, hawa watu ni wazima?"

"Soma, fundi."

"Suruali nzima inashikwa na kifungo kimoja, na haijawahi kumdondoka mteja wangu."

"Na yule bwana harusi?"

"Yule alishiba kupita kipimo. Haya, mabano, mwaka, funga mabano."

Lililowatesa waandishi zaidi ya koma, hata hivyo, lilikuwa sharti la mhariri mwenyewe, mzee aliyejulikana kwa jina la Bwana Onyesha. Kwake haikutosha kuandika kwamba ulisoma mahali fulani. Kwa kila rejeo alitaka nakala ya jalada na nakala ya ukurasa ule ule uliotajwa. Waandishi walisema ni roho mbaya. Yeye alisema ni macho mabaya, anahitaji kuonyeshwa.

Mama Bustani alikusanya nakala zote isipokuwa ya lile rejeo lililobeba makala nzima: taarifa ya zamani iliyothibitisha kwamba konokono hurudi. Hakuwahi kuiona. Alikuwa ameichukua kwenye orodha ya mtu, ambaye naye aliichukua kwenye orodha ya mtu. Ni mila ya wasomi isiyofundishwa darasani: kumtaja mzee ambaye hukuwahi kupiga hodi kwake, kwa kutegemea salamu za mwenzako.

Akaenda maktaba. Mkutubi alishuka stoo, akarudi na kijitabu cha chama cha watunza bustani, amekishika kwa mbali kama mtoto aliyejikojolea.

"Hiki hakijaombwa tangu niajiriwe, mwalimu."

"Mbona kila mtu anakitaja?"

"Hata Mungu kila mtu anamtaja," alisema mkutubi, akarudi kwenye kiti chake.

Mwandishi wa taarifa alikuwa msimamizi wa bustani ya hospitali. Mama Bustani alitarajia aya mbili za porojo. Alichokikuta kilimfanya avute kiti. Mtu yule aliwapaka konokono rangi ya kucha ya mkewe mgongoni, rangi moja kwa kila umbali. Akawabeba alfajiri, akawatupa, akangoja. Misimu mitatu ya mvua alingoja. Aliandika nani amerudi, kwa njia ipi, majani yalikuwa na umande kiasi gani. Aliandika mke alipogundua chupa ya rangi imekwisha. Mahali pamoja aliandika: "Leo sikuhesabu. Tulikuwa tunamzika mtoto." Mstari uliofuata hesabu iliendelea.

Mwisho wa yote, baada ya magoti yale yote kwenye matope, mtu aliyekuwa na haki ya kupiga kelele alihitimisha hivi: "Nadhani hurudi, wakitupwa karibu. Wakivushwa ukuta wa pili sijui, kwa sababu jirani ana mbwa."

Mama Bustani alisoma mara ya pili, polepole. Kisha akazitandaza mezani makala za wote waliomtaja bwana yule, akawafuata mmoja baada ya mwingine kama mtu anayefuata damu ya mnyama. Wa kwanza alimwacha mbwa. Aliyefuata akaliacha neno "karibu." Msomi mmoja mwenye shahada nyingi akaiangusha "nadhani," pengine aliona inachafua sentensi. Yeye mwenyewe, Mama Bustani, alikuwa ameongeza "imethibitishwa." Alijisikia kama mtu aliyeingia kwa viatu katika nyumba ya ibada.

Nyumbani fundi alimsikiliza hadi mwisho.

"Sasa jalada unalo, ukurasa unao," alisema. "Mpelekee mzee wa watu. Ataangalia koma zake. Mkataba huo, mama watoto."

"Mteja akikwambia, nadhani kiuno changu ni hiki, unakata kitambaa?"

"Nampima mwenyewe." Fundi akaitazama sindano. "Lo. Nimejishona mdomo."

Mama Bustani akaiandika makala upya. Neno "nadhani" liliporudi mahali pake, hoja zilizolikalia zilianguka moja moja, na makala ikanywea kama shati la pamba lililochemshwa. Bwana Onyesha alimpigia simu.

"Mama, uliniletea ng'ombe, sasa umeniletea kwato."

"Kwato ndiyo ya kweli, mzee. Ukurasa nimekuambatanishia."

Karatasi zilisikika zikigeuzwa.

"Rangi ya kucha?" aliuliza mhariri.

"Ya mkewe."

"Na siku ya msiba akaandika hakuhesabu." Mzee alishusha pumzi. "Nami nimemtaja bwana huyu, mama, ujana wangu. Nilimtaja vizuri sana, koma zote mahali pake. Sikumfungua." Akakohoa. "Itatoka kama taarifa fupi. Makala siwezi kuiita."

Ikatoka. Kamati ya chuo ikakaa, ikapekua kanuni, ikaamua kwamba taarifa fupi ni nusu ya makala, na kwa kuwa haki haina budi kutendeka, ikampa nusu ya mkataba: miezi sita badala ya mwaka.

"Nusu ya suti ni koti," alisema fundi. "Koti linavaliwa."

Mvua zilipoanza, mkuu wa chuo alipita nyuma ya darasa asubuhi na kumkuta mwajiriwa wake amepiga magoti kwenye matope, ana brashi ndogo mkononi.

"Mwalimu, kamati imekupa miezi sita, nawe unawapaka konokono rangi ya kucha?"

"Ndiyo, mkuu. Kuna mwenzangu aliishia ukuta wa kwanza. Wa pili nimeshaomba ruhusa kwa jirani."

Mkuu alifungua kinywa kusema jambo la kiutawala. Lakini chini ya ua, kwenye nyasi zenye umande, kitu chekundu kilikuwa kinatambaa kuja upande wao, polepole mno, pembe zake zimesimama. Mkuu akakunja suruali yake magotini, akachuchumaa.

"Huyu anarudi?" alinong'ona.

"Usimzibie njia," alisema Mama Bustani. "Sijui bado."